Brashi ya Maravillas

Ua la mchirimoya halina madaha:
petali tatu nene, rangi ya jani lililochoka,
limeinamia udongo kama mtu anayetafuta sarafu aliyoangusha.
Ukitaka kulijua tunda lake, lifikirie topetope,
kisha ulipeleke ugenini, bondeni Otívar,
kwenye matuta ya mawe kusini mwa Hispania,
ambako mbawakawa waliolizoea kule milima ya Andes
hawakusafiri nalo.

Asubuhi ya kwanza ua ni jike.
Linafunguka ufa tu, upana wa ukucha;
ndani stigma zimelowa, zinameta, zinangoja.
Kesho yake jioni, yapata saa kumi na mbili,
ua lile lile ni dume:
petali zinaachana, stameni zinalegea,
chavua inapukutika kama unga wa gunia lililotoboka,
na stigma zimekwisha kukauka.
Nyumba moja, mke na mume,
huyu akibisha hodi, yule ameshatoka.

"Kama mimi na baba yako," anasema Angustias,
"miaka ile ya zamu za usiku, kiwanda cha sukari."
Maravillas hacheki.
Ameiacha ofisi ya uhasibu Granada kwa wiki tatu, si zaidi,
kwa kuwa mikono ya mama yake siku hizi inatetemeka,
na ua halimvumilii anayetetemeka.

Jioni wanachuma madume, wanayatandaza
juu ya gazeti la juzi, juu ya picha ya timu iliyofungwa.
Usiku chavua inalala kwenye jokofu,
ndani ya kikopo cha filamu, kando ya jibini.
Alfajiri, ngazi. Umande. Brashi ya rangi ya maji, namba tatu.

"Usipake kama ukuta," mama anaelekeza kutoka chini,
kofia ya marehemu mumewe kichwani.
"Panua kwa dole gumba. Ingiza. Zungusha.
Zungusha, nimesema! Wamo wengi humo,
na kila mmoja ana mlango wake."

Kweli, wamo wengi.
Kila stigma ina kijumba, kila kijumba kijiyai kimoja,
na kijiyai hakipokei salamu za jumla.
Punje inatua, inanata, inaotesha mrija
mwembamba kuliko neno mwembamba,
unashuka gizani kumtafuta mmoja, huyo huyo,
nasi huku nje tunapangusa jasho
tukidhani kazi tumeifanya sisi.

Siku ya tisa, ngazini, simu ililia.
Maravillas aliibana kwa bega, akasikiliza,
akasema "sawa" mara nne, kila moja fupi kuliko iliyotangulia.
Mkono uliendelea. Ua moja, mawili, matatu.
"Nani huyo?"
"Hakuna mtu, mama."

Wiki tatu zikapita, hakurudi Granada.
Hakueleza, na hakuulizwa.

Novemba waliyakata kwa mkasi, mojamoja,
wakayalaza kwenye visanduku kama mayai.
Mengi yalijaa, duara, kijani cha kupendeza.
Angustias akaokota moja lililobonyea ubavuni
kama shavu la mtu asiye na magego,
akaligeuza kwenye mwanga, akaligeuza tena.
"Hapa," akasema, kidole kikitetemeka juu ya bonde lile,
"hapa ulikuwa unaongea na simu."

Soko halinunui tunda lenye kiwewe.
Wakalipasua pale pale, wakaketi juu ya kisanduku,
vijiko viwili, maziwa ya tunda yakiwachuruzika vidoleni.
Mbegu walizitemea kiganjani: nyeusi, laini,
thelathini na moja, zote za upande mmoja.
Upande wa pili nyama ilikuwa haba, ngumu kidogo.

"Alisema nini?" mama akauliza, kinywa kimejaa.

Maravillas alikwangua ganda mpaka kijiko kikalia.
Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Julai,
akaanza kusimulia.